Nilibeba vipeperushi 200 kwa watu waliokuwa wakizika

Agosti 2024, mizigo yangu ikiwa bado haijafunguliwa, mzee mmoja wa usharika wetu huku Meru, Tanzania, aliniuliza swali moja tu: "Wangapi wameokoka?" Nilikuwa nimetoka Israel, nilikokaa miezi 11. Nikamjibu ukweli, kwamba hakuna hata mmoja. Alinitazama kama mtu aliyetumwa sokoni akarudi na kikapu kitupu.

Tangu siku hiyo vijana kadhaa wanaojiandaa kwenda wamenifuata kuniuliza yaliyonipata. Kila mmoja nimempa kipande. Leo nayaandika yote, hata yale ambayo mama yangu bado hajayasikia.

Nilikwenda kama wengi wetu tulivyokwenda: nimemaliza chuo cha kilimo, nimepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo, siku tano shambani na moja darasani. Mwaka ule tulikuwa Watanzania zaidi ya 200 kwenye mafunzo hayo. Mimi nilipangiwa moshavi moja katika bonde la Arava. Moshavi ni kijiji cha ushirika cha wakulima, na Arava ni jangwa linaloanzia kusini mwa Bahari ya Chumvi hadi Eilat. Kwa mtu aliyekulia kwenye migomba, kuona pilipili hoho zinastawi mchangani kwa maji ya matone ilikuwa ajabu tosha.

Lakini mimi sikwenda kwa ajili ya hoho peke yake. Jumapili ya kuniaga niliwekewa mikono madhabahuni. Mwinjilisti akasema injili ilitoka Yerusalemu ikatufikia sisi, sasa mtoto wetu anairudisha kwao. Watu walilia, na mimi nililia. Ndani ya begi langu mlikuwa na vipeperushi 200 vya Kiebrania ambavyo sikuweza kusoma hata herufi moja, na hakuna mtu aliyeniambia jambo lolote kuhusu Wayahudi wa leo. Niliwajua wa Biblia tu. Nilidhani nikishuka kwenye ndege nitamkuta Nikodemo, yule mwalimu wa Wayahudi aliyemjia Yesu usiku, ananingoja na maswali yake.

Nilifika Septemba 2023. Tarehe 7 Oktoba, siku wapiganaji wa Hamas kutoka Gaza walipoishambulia Israel, ilinikuta sijamaliza hata mwezi.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya Sabato na ya sikukuu, hakuna kazi. Sisi tulikuwa mbali na Gaza, hivyo hatukusikia mlio wowote. Tulichokiona ni mwenye shamba amesimama nje ya nyumba yake, peku, simu mkononi. Mdogo wake aliishi kwenye kibbutz, kijiji cha ujamaa, karibu na mpaka wa Gaza. Asubuhi walikuwa wakiandikiana. Ilipokaribia saa tano ujumbe ukakatika. Kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania nako watu walianza kuitana majina, mmoja mmoja, kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Wawili hawakuitika: Clemence Mtenga, aliyekuwa Nir Oz, na Joshua Mollel, aliyekuwa Nahal Oz, vijiji viwili vya karibu na mpaka huo. Sikuwahi kuonana nao, lakini walikuja kwa njia ileile niliyokuja nayo mimi. Novemba tuliambiwa Clemence ameuawa. Desemba tukaambiwa Joshua naye, na mwili wake umebaki Gaza.

Siku ile moja waliuawa watu wapatao 1,200 na wengine 251 walichukuliwa mateka. Nir Oz, kijiji cha watu kama 400, karibu mtu mmoja kati ya kila wanne aliuawa au alitekwa.

Na mimi je? Hapa ndipo panaponiuma. Usiku ule, katikati ya hofu, moyoni mwangu mlikuwa na kitu kama msisimko. Nilirekodi sauti ya dakika sita nikaituma nyumbani: unabii unatimia, ndugu zangu, na mimi niko hapahapa unapotimia. Ilisambazwa sana. Nilipongezwa. Ukuta wa pili kutoka nilipokuwa nimekaa nikirekodi, mtu alikuwa akipiga namba ya mdogo wake tena na tena.

Mwili wa mdogo wake ulitambuliwa baada ya siku kumi. Akazikwa kwenye makaburi ya moshavi, familia ikakaa shiva nyumbani kwa mama yao. Shiva ni siku saba za matanga. Wafiwa ni wazazi, watoto, ndugu wa tumbo moja, mke au mume. Hukaa kwenye viti vifupi, vazi limechanwa kifuani, vioo vimefunikwa. Mlango huachwa wazi, hakuna kubisha hodi. Na ukiingia hukai ukaanza kusema: unangoja mfiwa aseme kwanza. Akinyamaza, nawe unanyamaza.

Haya yote nimeyajua baadaye. Siku ya pili ya shiva mimi na wenzangu wawili tulibisha hodi mlango ulio wazi hadi watu wakageuka. Tukapita tukimshika kila mtu mkono, wakiwemo wanawake wa kidini ambao hawashikani mikono na wanaume wasio wa familia. Nilikuwa na Biblia kwapani. Nikasimama mbele ya mwenye shamba, nikamwambia kwa Kiingereza changu kwamba haya yalikwisha andikwa, hayana budi kutukia, na kuja kwa Masihi kumekaribia. Kisha nikanyoosha mkono nimwekee kichwani nimwombee.

Aliinuka akatoka. Hakunijibu kitu. Chumba kizima kilikuwa kimya, nikasikia jokofu likinguruma jikoni. Mama yake, bibi wa miaka 77, alinyoosha kidole kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa pembeni akasema neno moja: "Shev." Keti. Nikaketi. Kama nusu saa hivi hakuna aliyesema nami, na bibi yule akawa mara kwa mara anasukuma sahani ya tende upande wangu bila kunitazama.

Ajabu ni kwamba sisi tunayajua haya. Kwetu mtu akifiwa hatumfuati na hotuba. Tunafunga turubai, tunaleta kuni, tunakaa kwenye mkeka hata usiku kucha, "pole" inatosha. Ningekwenda kwa bibi yule kama Mmeru anavyokwenda kuhani msiba wa jirani, nisingekosea karibu lolote. Nilikwenda kama mtumishi mwenye ujumbe, na ujumbe ule ukanifanya nisahau adabu niliyolelewa nayo. Marafiki wa Ayubu nao, siku saba za kwanza waliketi naye chini bila neno. Walianza kuharibu walipofungua vinywa kueleza kwa nini Mungu ameruhusu.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na liligharimu fedha za watu wengine.

Usharika wetu ulichanga shilingi milioni moja na laki mbili kuwafariji Waisraeli waliofiwa. Ni fedha za wauza ndizi, ninawajua kwa majina. Maelekezo yalikuwa tununue chakula, tuweke kipeperushi katika kila mfuko, na tupige picha. Wakati huo Eilat ilijaa wahamishwa kutoka vijiji vya mpaka wa Gaza. Hoteli za watalii zilikuwa zimegeuka makazi yao, wakiwemo watu wa Nir Oz. Tukapika chapati na kuku usiku kucha, tukafunga mifuko 60, tukapanda basi alfajiri. Nauli, chakula na mifuko vilitugharimu karibu fedha yote.

Ukumbi wa hoteli ile siusahau. Watu wazima wamevaa kandambili na nguo za msaada zisizowatosha. Mbwa wamelala chini ya makochi. Ukutani ubao wa matangazo ambao siku za amani labda uliandikwa ratiba ya safari za boti. Siku ile uliandikwa ratiba ya mazishi, saa na mahali. Mtoto wa kike wa miaka tisa hivi akapokea mfuko, akaufungua, akachomoa kipeperushi akaanza kukisoma kwa sauti. Mama yake akamnyang'anya. Alikisoma mistari miwili, akanirudishia kwa mikono miwili, na mikono ile ilikuwa ikitetemeka. Mwenzangu alikuwa anapiga picha.

Mratibu wa hoteli alitukusanya nje. Hakupiga kelele. Alisema tuchukue mifuko yote tuondoke, na picha tuzifute mbele yake. Kuku wetu hawakuchinjwa kwa taratibu za kosher, yaani sheria za chakula za Kiyahudi, na sufuria zetu pia si za kosher, hivyo wengi wasingekula hata kama tusingeweka karatasi. Tulirudi nayo mifuko 52.

Siku ileile, kwa uchungu, nilimpigia mzee mmoja wa Eilat niliyekuwa nimepewa namba yake, Myahudi anayemwamini Yesu. Alikuja kituo cha basi. Alitununulia soda, akatuambia mambo mawili ambayo natamani ningeambiwa kabla ya kupanda ndege.

La kwanza ni sheria. Kushuhudia imani yako Israel si kosa. Lakini tangu 1977 sheria inakataza kumpa mtu fedha au faida yoyote ili abadili dini, na adhabu inafika kifungo cha miaka mitano. Watoto nao wana ulinzi wao. Chakula cha msaada chenye kipeperushi ndani, mkononi mwa mtoto aliyepoteza nyumba yake: "Unaona ilivyokaa?" akaniuliza. Ukitaka kutoa msaada, toa msaada mtupu, uliofungwa kiwandani na wenye alama ya kosher, au matunda mazima. Ukabidhi kwa anayeratibu. Usipige picha ya mtu aliyekimbia na nguo za kulalia.

La pili liliniumiza zaidi. Aliniuliza dhehebu langu, nikasema kwa fahari Mlutheri. Akauliza kama najua alichoandika Martin Luther mwaka 1543. Sikujua. Mwaka huo Luther aliandika kitabu kizima dhidi ya Wayahudi, akashauri masinagogi yao yachomwe moto, nyumba zao zibomolewe, vitabu vyao vinyang'anywe. Miaka 400 baadaye Wanazi waliyanukuu maneno hayo kwa furaha. Kanisa la Kilutheri la Marekani liliyakana rasmi mwaka 1994. Mimi nimepita kipaimara, nimeimba kwaya, nimefundisha shule ya Jumapili, na nilikuwa naliendea taifa hilo nikiwa nimebeba jina la mtu huyo bila kujua lolote. Wao wanajua. Mkristo akija mlangoni na karatasi, Myahudi mzee hamwoni yule kijana wa Meru. Anaona ubatizo wa lazima, anaona Hispania ya 1492 walipoambiwa wabatizwe au waondoke.

Nilirudi shambani nikamwomba mwenye shamba msamaha. Nilijiandaa na maneno mengi, akanikatiza: "Kuna hoho za kuvuna." Kazi ilikuwa imetuelemea kweli. Wafanyakazi wengi wa Kitailandi waliondoka baada ya wenzao kuuawa na kutekwa, sisi tulibaki wachache na vitalu vilevile. Serikali yetu iliwapa nafasi waliotaka kurudi nyumbani. Nilibaki, na sehemu ya sababu ilikuwa aibu. Sikutaka kuondoka nikiwa nimekanyaga kidonda kile.

Vipeperushi vilivyobaki nilivirudisha chini ya begi. Nikaanza kwenda kwa yule bibi kila Ijumaa mchana, kabla Sabato haijaingia. Nilimwita Savta, yaani bibi, kama wajukuu wake walivyomwita. Mipira yake ya maji ya matone ilikuwa imeziba chumvi, mlimau wake unakauka upande mmoja. Nikaizibua kwa asidi kidogo, nikabadilisha vitoleo. Wiki nyingi tuliongea maneno yasiyozidi ishirini. Alinifundisha la kumwambia mfiwa: "Mishtatef betzaarech", nashiriki huzuni yako. Ndiyo hiyo tu. Tulikwenda makaburini, nikaokota kijiwe nikakiweka juu ya kaburi kama alivyofanya yeye. Hawaweki maua sana.

Kuhusu mwanawe aliyeuawa alinieleza siku moja bila mimi kuuliza. Alikuwa akijitolea kuendesha gari, akipokea wagonjwa kutoka Gaza kwenye kivuko cha Erez, wengine watoto wa saratani, na kuwapeleka hospitali za Israel. Nikakumbuka sauti yangu ya dakika sita. Mle mlikuwa na pande mbili tu, na mtu huyu hakuwa na mahali pa kukaa humo. Wala Waislamu wa Kibedui waliouawa siku ileile ya 7 Oktoba. Wala Wakristo waliokimbilia kanisa la Mtakatifu Porphyrius mjini Gaza wakafia humo tarehe 19 Oktoba jengo lake moja lilipopigwa kwa bomu. Kundi letu la vijana nyumbani lilikuwa limejaa matusi dhidi ya Waislamu, na shemeji yangu, baba wa wapwa zangu, ni Mwislamu. Nilituma sauti nyingine kukanusha ile ya kwanza. Hiyo haikusambazwa. Anayekwenda kuwafariji Wayahudi akiwa amebeba chuki ya Mwarabu, ajue wapo Wayahudi watakaoikataa faraja yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Aprili 2024 Iran ilirusha droni na makombora zaidi ya 300. Nilikuwa nimelala kibanda cha karibu na kwa Savta, king'ora kilipolia nikakimbilia kwake kumsaidia kuingia mamad, chumba cha zege ndani ya nyumba. Tulikaa humo wawili, taa ya simu, chupa ya maji kati yetu. Angani palikuwa pakinguruma. Nilitaka kuomba kwa sauti, nikaomba kimya. Ndipo akanisimulia habari ya mama yake mdogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wanazi walipokuwa wakiwawinda Wayahudi huko Ubelgiji, wazazi wake walimficha kwenye nyumba ya watawa akiwa na miaka mitano. Watawa walihatarisha maisha yao kumwokoa, na Savta alilirudia hilo mara mbili, kwamba walihatarisha maisha. Pia walimbatiza. Vita vilipokwisha, dada yake mkubwa ndiye peke yake aliyerudi kutoka kambini. Alipokwenda kumchukua, mtoto alijificha nyuma ya mtawa na kusema hawajui Wayahudi. Hakutoka humo kamwe.

"Alipona," Savta alisema, "nasi tukampoteza."

Sikuwa na mstari wa kumjibu. Bado sina. Lakini tangu usiku ule nikisikia mtu anasema "kuwavuna Wayahudi" naona mtoto amesimama nyuma ya vazi jeusi.

Wiki iliyofuata ilikuwa Pasaka yao, akanialika mezani. Kiti kimoja kiliachwa wazi. Mfupa wa mwana-kondoo ulikuwa kwenye sahani mbele yangu, na kila kitu nilichofundishwa kuhusu Pasaka kilikuwa kinanipanda kooni. Nilikula, nikasikiliza, nikaimba nilipoweza. Baadaye nikiosha vyombo akaja akasimama na kitambaa cha kufutia, akasema, "Wewe ulikuja kutubadilisha, sivyo?"

Nilisema ndiyo. Nikamwambia pia kwamba mimi bado naamini Yesu ndiye Masihi, wa kwao na wa kwetu, sitamdanganya. Akaniuliza kwa nini naamini. Hilo ndilo swali nililosafiri kulitafuta, na lilikuja mwezi wangu wa nane huko, juu ya beseni la vyombo. Nikamweleza kifo cha baba yangu nikiwa kidato cha pili, na namna nilivyomkuta Kristo katika msiba ule kama mtu anayelia nami, si mtu anayenieleza. Nilisema labda dakika kumi. Alisikiliza hadi mwisho, akafuta sahani ya mwisho, akasema, "Huyo wa kulia nawe ningependa kumfahamu. Yule uliyekuja naye Oktoba, hapana."

Hakuokoka. Wala sitalipamba hilo ili ripoti ipendeze. Petro anasema tuwe tayari kumjibu kila mtu "awaulizaye", kwa upole na kwa hofu, na mimi miaka yote nilikuwa nimeliruka neno awaulizaye. Paulo naye anayaonya matawi ya mzeituni mwitu, yaani sisi tusio Wayahudi, yasijisifu juu ya matawi ya asili, yaani Wayahudi. Fedha ya usharika nilianza kuilipa kidogo kidogo kutoka posho yangu. Imebaki kama laki tatu, na baadhi ya wazee wanaona si lazima. Naona ni lazima.

Kijana unayekwenda, jifunze Kiebrania cha salamu na cha msiba kabla ya kile cha mahubiri. Kama upo karibu na waumini wa huko, Wayahudi kwa Waarabu, uwasikilize wao kwanza kabla ya mwinjilisti wa nyumbani asiyewahi kufika. Usharika ukikupa fedha, waambie mapema kwamba hutaleta idadi wala picha, kisha uone kama bado watakupa.

Novemba 2025 mwili wa Joshua Mollel ulirudishwa kutoka Gaza, baada ya miaka miwili na mwezi. Nilisoma habari hiyo asubuhi nikiwa shambani, nikakaa kwenye tuta. Sikuwa nimemwambia mtu. Mchana simu ikatoa mlio wa ujumbe, sauti ya sekunde saba kutoka Arava. Savta hakusalimia, hakuniuliza habari za nyumbani. Alisema, "Mishtatefet betzaarcha," akanyamaza, na nyuma yake nikasikia maji yakidondoka chini ya mlimau.